Baba Anataka Kuvuka Panama, Mume Wangu Anataka Nyani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Changamwe, Mombasa, na sasa naishi Marekani na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9. Baba yangu aliendesha winchi katika bandari ya Kilindini mpaka akastaafu. Tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia habari za Mfereji wa Panama alizozisikia kwa mabaharia wa meli alizozipakua: jinsi meli nzima inavyopandishwa juu kwa maji, ikavuka nchi kavu, ikateremshwa upande wa pili. Mwaka huu yeye na mama wanakuja kututembelea, nasi tukaona tumtimizie ndoto yake. Tumelipa arubuni ya safari ya meli ya kitalii ya siku kumi, kutoka Florida na kurudi Florida. Itapita Cartagena kule Kolombia, kisha mfereji, kisha Puerto Limón, Kostarika.

Furaha ilianza kupungua pale tulipoletewa orodha ya matembezi ya nchi kavu. Ni ndefu, bei zake ni kali, na kila mtu ana lake. Mume wangu anataka siku ya mfereji tushuke sote sita tukatazame nyani ziwani kwa boti. Anasema kulipa nauli yote ile kisha kushinda melini ni kutupa pesa. Mwanangu wa kiume yuko upande wake. Binti yangu anataka slothi, wale wanyama wanaokaa mitini wakitembea polepole. Mama magoti yanamsumbua, ngazi hupanda kwa kushikiliwa, na mashua ndogo anaziogopa. Mimi mwenyewe nikifika Cartagena natamani kwenda Palenque, mji wa watu weusi waliotoroka utumwa. Baba hasemi kitu. Tangu asikie habari ya nyani amenyamaza, na namjua baba yangu akinyamaza.

Tena mume wangu anasema tusinunue chochote melini, tutapata watu bandarini kwa nusu ya bei. Malipo ya mwisho ni mwezi ujao. Baba ameshawaambia wazee wenzake msikitini kwamba atavuka kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Nifanyeje nisimvunje moyo, na nyumba isigawanyike?

Binti wa Winchi, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Tuweke nyani kando kwanza. Umesema meli inatoka Florida na kurudi Florida kwa siku kumi, kisha ukasema baba atavuka hadi Pasifiki. Kwa tiketi hiyo, meli yenu haivuki. Safari za namna hiyo huingia mfereji kwa upande wa Karibi, yaani wa Atlantiki, hupanda malango ya maji ya Gatún (vyumba vinavyojazwa maji kuiinua meli), hutia nanga kwa muda katika Ziwa Gatún, kisha hugeuza na kuteremka kwa malango yale yale. Pasifiki hamtaiona. Jambo hili huandikwa kwenye maelezo ya safari, lakini kwa maneno machache ambayo mtu aliyejaa furaha hupitiwa nayo.

Mwambie baba mapema. Mzee aliyeungoja mfereji huu maisha yake yote asije akajua siku yenyewe, amesimama sitahani mbele ya watu, anaona meli inageuza.

Ukishamwambia, kuna njia mbili, na zote mbili ni nzuri.

Ya kwanza ni kubadili safari. Zipo meli zinazoanzia Florida na kumalizia California, au kinyume chake, na hizo huvuka mfereji wote. Uvukaji wenyewe huchukua saa 8 hadi 10, watu wote wako melini, na siku hiyo kwa kawaida hakuna matembezi ya kushuka, kwa hiyo ugomvi wa nyani unakwisha wenyewe. Lakini safari hizo huchukua wiki mbili hivi au zaidi, mtarudi nyumbani kwa ndege, na watoto wana shule. Uliza kama arubuni yenu inaweza kuhamishwa. Hilo ni la kuuliza wiki hii, kabla ya malipo ya mwisho.

Njia ya pili imo ndani ya orodha hiyo hiyo inayowagombanisha. Itafute tena, uangalie kama yamo matembezi ya feri kupitia malango ya upande wa Pasifiki. Kampuni nyingi za safari kama yenu huyauza. Huwa hivi: asubuhi baba anapanda Gatún akiwa ndani ya meli yenu. Meli ikitia nanga ziwani, anashushwa kwa mashua, anapelekwa kwa basi hadi Gamboa, na huko anaingia feri. Feri inapita Mkato wa Culebra, pale mlima ulipopasuliwa, inateremka lango la Pedro Miguel hatua moja, kisha Miraflores hatua mbili, na hapo iko usawa wa Pasifiki. Halafu basi linamrudisha Colón, upande wa Karibi, ambako meli itakuwa imefunga gati ikiwasubiri. Kwa hesabu hiyo baba amepanda kutoka Atlantiki asubuhi na ameteremka Pasifiki siku hiyo hiyo. Alilowaambia wazee wa msikitini linakuwa kweli. Uliza tu kama feri inaelekea Pasifiki, maana mara nyingine huanzia huko na kupanda kuja ziwani; bado atakuwa ameyapita malango yote, ila mpangilio utakuwa mwingine.

Hasara yake ni kwamba ni siku ndefu, na atakosa kuona meli yenu ikiteremka Gatún. Anayeshuka ziwani kwa matembezi yoyote, ya nyani au ya feri, huona kupanda tu. Hili waambie wote nyumbani, kwa sababu watu wengi hulijua wakiwa tayari ndani ya basi.

Mimi ningeichagua feri, na ningekwenda naye wewe mwenyewe. Lakini muulize yeye. Katika barua yako nimeona kila mtu akimpangia baba siku yake, sijaona mahali alipoulizwa. Huenda miguu yake imechoka na angependa kukaa sitahani na darubini yake kutwa nzima. Akisema hivyo, mwache melini kwa moyo mweupe, na asilazimishwe kufuata boti.

Mume wako naye anastahili jibu la heshima. Anaona kukaa melini ni kutupa pesa, nami nafahamu: ametafuta pesa hizo kwa jasho. Ila mfereji wenyewe ndio sehemu ya ghali ya safari hii, na umo ndani ya nauli mnayoilipia. Meli kubwa za kitalii hutozwa ushuru wa dola laki kadhaa kupita pale. Mwaka 2010 meli ya Norwegian Pearl ililipa dola 375,600. Abiria anayepanda na meli yake, akabaki, akateremka nayo, ndiye aliyepata huduma yote aliyolipia.

Na ni jambo la kutazamwa. Waamsheni watoto kabla ya alfajiri. Meli hufika nje ya Colón bado giza, rubani wa mfereji hupanda, na jua likichomoza huwa mnakaribia Gatún. Nendeni sitaha ya mbele mapema kwa sababu hujaa. Baada ya chumba cha kwanza, shukeni sitaha ya chini ya pembeni, ambako ukuta wa zege uko karibu sana na uso wako. Kupanda ni hatua tatu, jumla kama mita 26, na hakuna pampu hata moja inayosukuma maji: yanateremka kutoka ziwani kwa uzito wake yenyewe. Vyumba vya zamani, vilivyofunguliwa mwaka 1914, vina upana wa mita 33.5, na meli kubwa kabisa zinazoruhusiwa humo hubakiwa na kama nusu mita kila upande. Baba yako, aliyezoea kuona meli zikiletwa gatini, ataelewa hapo kuliko abiria yeyote kazi inayofanyika. Meli hushikiliwa katikati na vigari vya umeme vya relini vinavyoitwa mula, vinavyokaza na kulegeza waya.

Uliza kampuni meli yenu itapita malango gani. Ikiwa ni pana mno kwa yale ya zamani itapita Agua Clara, malango mapya yaliyofunguliwa mwaka 2016. Hayo yana mabwawa ya pembeni ya kuhifadhi maji, na huko hakuna mula, meli huongozwa na tagi, yaani meli ndogo za kuvuta, mbele na nyuma. Baba asije akatafuta vigari asivione.

Msimulie pia waliochimba, kama hajui, ingawa nadhani anajua. Wafaransa walianza mwaka 1881 chini ya Ferdinand de Lesseps, yule yule aliyeongoza kazi ya Mfereji wa Suez, wakashindwa. Malaria na homa ya manjano ziliua maelfu kwa maelfu. Wamarekani wakaanza tena mwaka 1904. Wengi wa vibarua walikuwa watu weusi kutoka Barbados, Jamaika na visiwa vingine. Wazungu wa Kimarekani waliandikwa kwenye daftari la dhahabu, vibarua hao weusi kwenye la fedha, kwa mshahara mdogo, nyumba duni na hata maduka tofauti. Kumbukumbu za hospitali na ajali zinahesabu vifo zaidi ya 5,600 katika kipindi cha Wamarekani peke yake, na wengi wa waliokufa walikuwa vibarua hao weusi. Panama ilikabidhiwa mfereji wake adhuhuri ya tarehe 31 Desemba 1999. Mtu aliyekula jasho la bandari apewe historia hii yote, maana watangazaji wa melini hupenda zaidi sifa za wahandisi.

Sasa nyani. Mume wako na mvulana waende, tena waende kwa raha. Ziwa Gatún lilitengenezwa kwa kuzuia Mto Chagres, na visiwa vyake ni vilele vya vilima vilivyozama. Msitu wake una nyani wa aina kadhaa, na ndege wengi wazuri. Wachague boti ambayo kiongozi wake hawarushii nyani chakula. Mkiona picha za tangazo nyani amekaa begani kwa mtalii, ruka hiyo. Kuhusu vijiji vya Waemberá, wenyeji wa asili wa Panama, kama vimo kwenye orodha yenu: ni watu wenye staha na ufundi mkubwa wa vikapu na vinyago vya kokwa ngumu ya mti uitwao tagua, na utalii umekuwa riziki yao kwa kuwa wengi wanaishi ndani ya hifadhi ya Chagres ambako kilimo na uwindaji vimewekewa mipaka. Ila hufikiwa kwa mtumbwi wa mashine, na kushuka ni kwenye kingo za matope. Mama asipelekwe huko.

Mama abaki melini siku hiyo na mjukuu wake wa kike. Tafuta kiti cha kivulini upande wenye upepo, kofia, maji ya kutosha, kwa sababu joto la Panama lina unyevu kama la kwetu mwezi wa tatu. Wao wawili ndio watakaoona kupanda na kuteremka kote. Meli ikifunga gati Colón alasiri, jengo la abiria lina maduka na mara nyingine ngoma; yatosha. Msitoke kuzurura mjini kwa miguu, Colón si mji wa mgeni kutembea bila mwenyeji.

Bei. Hapa mume wako ana haki nusu. Kununua kwa watu wa bandarini ni rahisi zaidi, na mahali pengine ni jambo la busara. Lakini ukichelewa kwenye matembezi ya meli, meli hukungoja au kampuni hukufikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukichelewa na teksi yako mwenyewe, meli inaondoka, na nauli ya kuifuata ni juu yako. Mimi hutazama umbali na saa: kama mnakwenda zaidi ya saa moja kutoka gatini, au meli inaondoka mapema, nunueni melini. Kama ni mji ulio karibu na geti, tembeeni wenyewe. Siku ya mfereji hakuna la kuchagua, kwani kule ziwani mashua huwashusha wenye tiketi za meli tu. Na kila bandari hakikisheni saa ya mkononi inafuata saa ya meli. Mara nyingine saa ya nchi huwa tofauti.

Kwa kipimo hicho, Palenque inunue melini kama wanaiuza. Iko kama kilomita 50 kutoka Cartagena, na meli nyingi huondoka huko mchana mapema. Kama hawaiuzi na saa zenu ni chache, usiende kwa teksi, hata kama moyo unauma. Nakuelewa kwa nini unaitaka. Cartagena ilikuwa mlango mkubwa wa kuingizia Waafrika waliouzwa katika Amerika ya Wahispania, na waliotoroka, wakiongozwa na Benkos Biohó, walijenga vijiji vyao vyenye boma msituni. San Basilio de Palenque kimesimama hadi leo, na lugha yao ina mizizi ya Kikongo ndani ya Kihispania. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2005. Ukikosa kufika, bado utawakuta wanawake wa Palenque ndani ya mji wa kale wa Cartagena, wakiuza matunda kwa magauni ya rangi. Nunua tunda kwanza, ndipo uombe picha, na ulipe. Watalii wengi hupiga picha tu na kupita, na hilo linaniudhi sana.

Mama Cartagena afanye hivi: asipande ngome ya San Felipe, ina mteremko mkali na mahandaki. Mchukulie teksi hadi mji wa kale asubuhi kabla jua halijakaza, mpatane bei kabla ya kuingia garini, akae uwanja wenye miti, anywe maji ya dafu. Akichoka, bandarini kwenyewe kuna bustani ya ndege, wakiwamo kasuku wakubwa na flamingo, hatua chache kutoka melini.

Puerto Limón mpeni binti siku yake. Slothi waonwe msituni kwa boti ya mifereji iliyofunikwa, au kwenye kituo cha kuwauguza, na kituo kizuri hakimruhusu mgeni kumbeba mnyama. Mama akikubali boti pana yenye paa aende, akikataa abaki mjini. Limón ina wajukuu wa Wajamaika walioletwa kujenga reli miaka ya 1870, na chakula chao cha kila wiki ni wali na maharagwe vilivyopikwa kwa tui la nazi. Mpelekeni mama wa Mombasa akakionje.

Makaratasi yafanye kwanza, kabla hujalipa tembezi lolote. Wazazi wana pasipoti za Kenya. Kutoka Florida na kurudi ni kutoka Marekani na kuingia upya, kwa hiyo viza yao iwe inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Iombe kampuni ya meli ikuandikie, si kwa simu, kama Mkenya anahitaji viza ya Kolombia, Panama na Kostarika. Asiye na viza ya bandari moja anaweza kuzuiwa kupanda meli hata kama hana nia ya kushuka hapo. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano waje nayo kutoka nyumbani. Kama walichanja zamani, cheti hudumu maisha yote siku hizi. Kama hawajawahi, na wana zaidi ya miaka 60, wamwone daktari kwanza, kwani chanjo hiyo kwa mara ya kwanza uzeeni inahitaji uangalifu.

Majibu ya viza yakija vizuri na baba akiitaka feri, nunua viti vyake na vyako siku hiyo hiyo. Matembezi yasiyopata watu wa kutosha hufutwa, kwa hiyo uliza pia idadi ya chini ni ngapi na pesa hurudishwaje. Tikiti za nyani zinaweza kungoja hadi wiki ya safari.